Kocha Asiyekaa

Mtu unayempa shikamoo kila asubuhi, unamtoaje uwanjani?

Swali hilo lilininyima usingizi juma zima nilipokuwa na miaka ishirini na sita, na mpaka leo nimestaafu sijaona kitabu cha ukocha kinacholigusa. Ninyi vijana mnaosomea kazi hii siku hizi mnafundishwa misuli, lishe, na jinsi ya kuchora mishale ubaoni. Vizuri. Mishale ina faida zake. Lakini mshale hauna goti bovu, hauna mke anayetazama, na haukuanza kazi kabla wewe hujazaliwa.

Mlipokuja kunitembelea hapa Kihonda, yule mwenzenu mwenye miwani aliniuliza kwa nini miaka yote ya kufundisha mpira wa kikapu sikuwahi kukaa mechi ikiendelea. Mwingine akanong'ona, akidhani sisikii, kwamba labda nina jipu. Sina jipu, wala sikuwahi kuwa nalo. Nitawajibu, ila mnivumilie, maana mimi ni mtu wa kufikiri mpaka jambo lenyewe linachoka kunisubiri. Nikikaribishwa chai hujiuliza kwanza kama kikombe kile ni cha mgeni au cha mwenye nyumba.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vinatafutiwa wanunuzi, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, na kila mtu ana mjomba anayefungua biashara. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya utawala, nikapata kazi katika ofisi ya utumishi ya kiwanda cha nguo hapa Morogoro. Mchana nilipanga mafaili. Jioni nilichezea timu ya kiwanda. Kocha wetu alikuwa Mfilipino mmoja tuliyemwita Boyet, na nahodha alikuwa Mzee Mkude, fundi wa mitambo ya kusokota nyuzi.

Jumatatu ya juma lile Boyet alishikwa na malaria. Fainali ilikuwa Jumamosi, dhidi ya vijana wa mashamba ya miwa kutoka upande wa Turiani. Akaniita kitandani kwake, amejifunika mablanketi mawili kwenye joto la mchana, akanipa filimbi yake.

"Wewe kocha," alisema.

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Wewe fikiri sana. Mchezaji fikiri sana, mbaya. Kocha fikiri sana, labda."

Hiyo "labda" ilinitesa kuliko malaria ilivyomtesa yeye. Jambo la kwanza nililofanya ni kujitoa mimi mwenyewe kwenye orodha ya wachezaji. Hilo halikuwa gumu. Hakuna aliyebisha, na Ayubu, mlinzi wetu wa pembeni, alipiga makofi. Gumu lilikuwa la Mzee Mkude. Miaka yake alikuwa akiihesabu kwa mavuno, kwa hiyo hatukuijua sawasawa, lakini hakuwa mbali na hamsini. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama fenesi dogo. Alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na hataki kumwaga. Akiwepo uwanjani, vijana wa miwa wangepita kwake kama wanaopita sokoni. Kila mtu alilijua hilo. Hakuna aliyekuwa tayari kulisema.

Hapo inabidi niwaeleze jinsi heshima ilivyokuwa ikitufungisha vikapu.

Mechi yangu ya kwanza kabisa tulicheza na timu ya walimu. Nikapangiwa kumkaba mtu mmoja mrefu mwenye upara, na alipogeuka na mpira nikaona ni Mwalimu Chuwa, aliyenifundisha hesabu sekondari na kunichapa kwa ajili ya hesabu za sehemu. Mikono yangu ilishuka yenyewe. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, hujambo?" akasema, akanipita, akafunga.

Mara ya pili nikajikaza, nisimsalimie. Akanitazama kwa masikitiko, akadunda mpira polepole mbele yangu. "Nyumbani wazima?" Nikajibu kwamba wazima, mama tu anasumbuliwa na mgongo. Wakati namalizia habari ya mgongo, mpira ulikuwa umeshatoka wavuni. Siku ile Mwalimu Chuwa alifunga pointi kumi na nne, na alipotoka alikuwa anajua habari za ukoo wangu mzima.

Ugonjwa huu ulikuwa wa timu nzima, na aliyeufaidi kuliko wote alikuwa Mzee Mkude. Yeye hakuwa na mbio, lakini alikuwa na mvi. Kijana wa timu pinzani akija na mpira, Mzee alisimama wima, mkono kiunoni, akasema kwa sauti ya kuumia, "Mwanangu, hata salamu?" Kijana akishtuka, mpira ulikuwa wa Mzee. Nimeona vijana wenye vifua kama milango wakiomba radhi huku wakinyang'anywa.

Boyet ndiye aliyeleta dawa. Lakini kwanza niwaambie alivyofika, maana mnapenda kuniuliza Mfilipino alitokea wapi.

Mkewe, Mama Luz, alikuwa mtaalamu wa mpunga, ameletwa na mradi wa mashamba. Boyet alimfuata tu. Mke akienda mashambani, yeye alibaki anazunguka mjini, watoto wakimwita Mchina na kumrushia mateke ya hewani. Siku moja akapita nyuma ya ukuta wa kiwanda, akasikia mpira unadunda. Akaenda getini. Mlinzi alipoona mgeni mwenye shati jeupe ameshika kiuno anachungulia ndani, akajua mwekezaji amefika. Tulikuwa tukimngoja mwekezaji miezi kadhaa. Mlinzi akapiga saluti. Simu ikapigwa ofisini. Meneja akavaa tai ya akiba, sisi tukaambiwa tufagie, Mama Rehema wa kantini akatoa soda baridi na karanga. Boyet alitembezwa kiwanda kizima. Alionyeshwa mitambo, ghala, hata vyoo. Kila alichoonyeshwa alitikisa kichwa kwa adabu. Baada ya saa mbili, akiwa ameshiba karanga, akauliza kama anaweza kuuona ule mpira.

Meneja hakumsamehe. Sisi tulimpenda papo hapo.

Tulipomtambulisha kwa nahodha, Boyet alifanya jambo la ajabu. Aliinama, akachukua mkono wa Mzee Mkude, akaubandika kwenye paji la uso wake mwenyewe. Kumbe kwao ndivyo wanavyowaamkia wakubwa. Mzee akauacha mkono pale kidogo, akapima, akatugeukia.

"Huyu ana homa. Mpelekeni zahanati."

Boyet alikuwa mfupi kuliko sisi wote, lakini kwao alikuwa amecheza kwa kulipwa. Alituambia kule Manila timu ni za makampuni, na yake ilikuwa ya kampuni ya maziwa ya kopo. Mashabiki wakikasirika huwarushia wachezaji sarafu uwanjani. Yeye alikuwa akizikusanya. Alisema mama yake alikuwa haendi kutazama mechi, ila kila Ijumaa aliuliza, "Mwanangu, kesho mtacheza vibaya? Chumvi imekwisha."

Hadithi moja hakuisema kwa mzaha. Alikuwa amecheza timu ile miaka tisa. Asubuhi moja alifika mazoezini, akakuta viatu vyake nje ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, vimefungwa pamoja kwa kamba zake. Hakuna aliyemwambia neno. Kocha alikuwa ndani, akamsikia akikohoa.

"Mimi niliambiwa na viatu vyangu," alisema. Alivitundika begani, akaenda nyumbani. Mwaka uliofuata akaanza kufundisha timu ya shule, akajiapia kwamba yeye hatamwambia mtu kwa viatu.

Sasa, dawa yake ya shikamoo. Kwa kuwa yeye mwenyewe alitoka kwenye watu wa adabu, hakutuambia tuache kuamkia. Alisema tuamkie mapema, ziishe. Kabla ya mechi timu nzima ilipanga foleni, ikapita mbele ya kila mtu mzima wa upande wa pili: shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo, mgongo wa mama unaendeleaje. Refa alikuwa anangoja. Baada ya hapo, filimbi ikilia, hakuna anayemjua mwenzake. Msimu uliofuata Mwalimu Chuwa alijaribu kuniuliza habari za nyumbani katikati ya mchezo nikamwambia, "Tulishaongea, mwalimu," nikampokonya. Alikaa mwezi mzima bila kunipungia mkono.

Vitu vingine alivyotufundisha mnaweza kuvitumia hata leo. Tazama kiuno cha mtu, usitazame mpira wala macho yake, maana macho hudanganya na mpira hufuata mikono, lakini kiuno hakiwezi kwenda mahali peke yake. Ujue mteremko wa uwanja wako. Wetu ulilalia upande wa mtaro, na sisi tulijua kwamba mpira uliomponyoka mtu utaishia pale, wageni hawakujua. Viatu tulinunua vya mitumba, na ukikosa jozi unachanganya. Ayubu alicheza misimu miwili kiatu cha kushoto kikiwa kikubwa kuliko cha kulia, na Boyet akamwambia akate kona upande wa kikubwa.

Na viti. Boyet aliwapenda sana viti, nasema "aliwapenda" kwa sababu aliwachukulia kama watu. Alivikopa kantini, akavipanga uwanjani kama mabeki, nasi tukavizunguka na mpira. "Kiti hakuna lalamika, hakuna omba posho," alisema. Mama Rehema alikuwa akija jioni kuvihesabu huku ananuna. Kimoja kilikuwa cha mbao, chenye mikono, kizuri kuliko vyote. Hicho hakikutumika kwa mazoezi. Kilikuwa cha kocha, pembeni ya benchi ya wachezaji wa akiba.

Dawa ya Boyet ilisambaa. Hilo ndilo hatukulifikiria. Timu zote za mkoa zilipoona foleni yetu zikaiga, na waliokuwa wakiifuata vizuri kuliko wote walikuwa wale vijana wa miwa. Walipokuja kwetu kwenye nusu msimu, walimwamkia Mzee Mkude mmoja mmoja, tena kwa kupiga goti kidogo. Mchezo ulipoanza, Mzee akasimama wima, mkono kiunoni: "Mwanangu, hata salamu?" Yule kijana wao mwenye jezi namba tisa akapita, akafunga, akarudi. "Nilikusalimia saa tisa na nusu, babu."

Babu! Uwanja mzima ulicheka, na Mzee akacheka pia. Lakini mimi nilikuwa karibu naye, na nilimwona akitazama mkono wake uliokuwa kiunoni kama chombo kilichokatika mpini.

Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kulala. Na bado sijawaambia lililo baya.

Juma moja kabla ya fainali, barua za kupunguzwa kazi zilitoka. Zilipita mezani kwangu. Ya Mzee Mkude ilikuwa ya kumi na tisa kutoka juu. Nilijua inanipasa niipeleke mwenyewe. Nilijiandaa. Niliandika hata maneno ya kuanzia kwenye karatasi, nikayafuta, nikaandika mengine, nikaona salamu iwe ndefu zaidi, halafu nikaona salamu ndefu itamtia hofu. Nikaenda mpaka mlango wa karakana, nikamwona anaelekeza kijana jinsi ya kusikiliza mtambo kwa kuweka bisibisi sikioni. Nikageuka. Barua nikampa tarishi.

Viatu nje ya mlango, mnaona. Mimi niliyesikia hadithi ya Boyet mpaka nikataka kulia, nilipopata nafasi yangu ya kwanza nilivifunga kamba vizuri kabisa.

Jioni ile Mzee alikuja mazoezini kama kawaida. Mimi nikajifanya natafuta filimbi ambayo wakati ule hata haikuwa yangu.

Kwa hiyo juma la fainali nilijikuta nina kazi moja tu. Kiwanda kimeshamwambia kwamba amekwisha, tena kupitia kwangu. Je, nimwambie na uwanjani, mbele ya mkewe na watu wote aliofanya nao kazi? Na nisipomwambia, wale vijana kumi na mmoja wengine, ambao nao wengi wana barua, nitawaambia nini tukifungwa mechi ya mwisho ya timu hii? Kila nikipima upande mmoja, mwingine unazidi uzito.

Jumatano nikapata wazo nililoliona la kisomi. Ayubu ni Mnyamwezi, na Mzee Mkude Mluguru wa milimani. Ni watani. Mtani anaweza kukwambia lolote, hata msibani, usikasirike. Nikamvuta Ayubu pembeni, nikampangia maneno.

Akaenda katikati ya uwanja, sauti juu. "Wewe Mluguru! Umekwisha! Keti nje Jumamosi tushinde! Mguu mmoja mfupi kwa kuzoea mteremko wa Uluguru, na mwingine umeoza goti, utakimbilia upi?"

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo ya goli. "Nisikilize, mbeba mizigo. Babu zako walipita hapa na meno ya tembo vichwani, wakatuomba maji. Tukawapa. Leo mjukuu anataka na namba yangu!" Akafurahi kwelikweli. Akakimbia raundi mbili za ziada kumwonyesha.

Ayubu akarudi kwangu anahema. "Msomi, nimemwambia ukweli mtupu."

"Na yeye?"

"Ameona utani mzuri sana. Ameahidi kucheza dakika zote."

Alhamisi nikaenda kwa Boyet. Homa ilikuwa imeshuka, anakunywa uji. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya barua, nikatazama chini. Akaweka uji wake chini.

"Kwetu mimi najua njia," alisema. "Hapa hapana jua. Wewe jua njia ya hapa. Watu hapa, mtu mkubwa, nyinyi fanya nini?"

"Tunamheshimu."

"Heshima ni neno. Mimi uliza, nyinyi *fanya* nini?"

Nikarudi nyumbani nikiwa na swali la pili juu ya la kwanza.

Jumamosi, nakiri, nilimwomba Mungu mvua. Milima ya Uluguru ilikuwa imevaa wingu zito mpaka mabegani. Uwanja wetu wa saruji ukilowa haufai, na mechi ikiahirishwa Boyet atapona, afanye kazi yake mwenyewe. Nikasimama nyuma ya kantini nalitazama lile wingu. Mzee Mkude akaja kusimama kando yangu, amevaa jezi.

"Unalitegemea hilo?"

"Ninalitazama tu, Mzee."

"Hilo ni la kuwakimbiza kina mama waanue nguo. Halina maji." Akanipiga begani, akaenda kuruka ruka kwa mguu mmoja.

Nikamwanzisha. Ndiyo, pamoja na kufikiri kote kule. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta: wafumaji, mafundi, Mhindi mwenye duka la vitambaa na wanawe, wauguzi wa zahanati. Mkewe Mzee alikuwa mstari wa mbele kwenye mkeka. Foleni ya salamu ilipita. Namba tisa akamwamkia Mzee kwa mikono miwili.

Kipindi cha kwanza namba tisa alipita kwa Mzee mara sita. Wakati wa mapumziko nilitoa hotuba kuhusu mteremko wa uwanja, na Deo, karani wa ghala aliyekuwa akiba wa Mzee, akanitazama kwa macho ya mtu anayesubiri ruhusa ya kupumua. Kipindi cha pili kikaanza, bado Mzee yumo. Nikakaa kwenye kile kiti chenye mikono, nikakishika kama mtu aliye kwenye lori. Tulikuwa nyuma kwa pointi nane.

Niseme matokeo sasa hivi, ili nikifika mwisho msinikatize. Tulishinda kwa pointi moja. Deo alimganda namba tisa mpaka kijana wa watu akaomba aachwe angalau afunge kamba ya kiatu. Ayubu anadai mpaka leo kwamba kikapu cha mwisho alifunga yeye. Kilifungwa na mteremko: mpira ulielekea mtaroni, na yeye peke yake alijua kuutangulia. Miezi michache baadaye mwekezaji wa kweli alikuja, uwanja ukawa maegesho ya malori, nami nikaanza kufundisha shule moja hapa mjini. Hayo mengine mnayajua.

Lakini turudi kwenye pointi nane.

Nilikuwa nimekaa, nikipanga sentensi. Nikisema "Mzee, pumzika," atasema hajachoka. Nikisema "Mzee, toka," nimekuwa yule kocha anayekohoa nyuma ya mlango. Nikionyesha tu kwa kidole, kama wafanyavyo wazungu kwenye televisheni, mimi nani nimwonyeshe kidole Mzee Mkude? Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya saba au ya nane nilipoona kivuli kando yangu. Alikuwa mkewe Mzee, Mama Mkude, ameleta chupa ya maji ya mumewe.

Sikufikiri. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisimama kama kila mtoto aliyelelewa anavyosimama, nikasogea, nikaonyesha kiti kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba, baba." Alikitazama kiti, akatazama uwanjani, ambako mumewe alikuwa anarudi akichechemea. "Ahsante. Mimi sijacheza."

Akaweka chupa chini, akarudi kwenye mkeka wake.

Nikabaki nimesimama kando ya kiti kitupu. *Nyinyi fanya nini?* Boyet alikuwa ameuliza. Tunafanya hivi, kocha. Tunafanya hivi tangu tunajua kutembea. Hakuna mzee duniani aliyetukanwa kwa kupishwa kiti.

Nikaenda kwenye meza ya waamuzi, nikaomba kubadilisha mchezaji. Nikamwambia Deo asimame palepale, asisogee. Mpira ulipotoka nje refa akapuliza. Nikakichukua kile kiti, nikakiweka mbele kabisa, karibu na mstari, nikakigeuza kielekee uwanja. Nikatoa leso mfukoni, nikakifuta: mgongo, mikono, pa kukalia. Watu wakaanza kunyamaza, maana hawakuelewa kocha anafanya usafi gani katikati ya fainali. Nikapiga hatua mpaka kwenye mstari.

"Mzee Mkude, shikamoo."

Alikuwa ameshika mpira. Akanitazama. "Marahaba."

"Karibu kiti."

Nilisikia mashine moja tu huko karakana, ya zamu ya jioni. Mzee alitazama kiti, akamtazama Deo, akatazama goti lake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analiona.

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nitasimama, Mzee."

Ayubu, Mungu amweke, akapasua kimya kutoka chini ya goli. "Mluguru kapewa kiti! Sasa atataka na chai!"

"Nitataka," Mzee akamjibu bila kugeuka, "na utaileta wewe, si ndiyo kazi yenu kubeba?"

Ukuta mzima ukaangua kicheko, makofi yakafuata, na katika makofi hayo Mzee Mkude akampa Deo mpira kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto, akaanza kuja. Alikuja polepole, akipunga mkono kushoto na kulia, mtu aliyealikwa mahali. Alipofika kwangu akasimama. Akasema chini kwa chini, nisikie mimi tu.

"Ile barua ulimpa tarishi."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Hii umeileta mwenyewe."

Akakaa. Akanyoosha mguu mbaya, akaegemeza mikono kwenye mikono ya kiti, akaanza kumfokea Deo hata kabla filimbi haijalia.

Nami nikasimama kando yake.